Simu ikitoka dukani, kompyuta ijifunge yenyewe

Nina fremu ndogo ya steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na meza ya wakala pembeni. Ukiiangalia kwa nje utasema hakuna cha kulinda. Lakini hebu hesabu yanayopita kwenye kioo kwa siku moja: vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, fomu za mikopo ya wanafunzi, barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, hati za mshahara.

Siku moja nilikuwa naskani hati ya mshahara ya mwalimu mmoja. Akanipa noti ya elfu kumi, chenji sina, nikavuka barabara kwa mama muuza ndizi. Dakika mbili, labda tatu. Kwenye benchi palikuwa na mteja mwingine anasubiri fotokopi. Niliporudi kila kitu kilikuwa pale pale. Jumapili mwalimu akanipigia: "Kaka, mbona kanisani wananitajia mshahara wangu mpaka makato?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyegusa hata kibodi. Kioo kilikuwa wazi tu, na mtu alikuwa na macho.

Dawa ya haraka naijua na wewe unaijua: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, kompyuta inafunga papo hapo. Nilijaribu kujizoeza kwa mwezi mzima, nikashindwa, maana mtu anayetoka kutafuta chenji hajihesabu kama ameondoka. Ila kuna kitu kimoja ambacho siwezi kukiacha nyuma hata nikienda msalani, nacho ni simu. Ndipo nikaamua simu ndiyo iwe inafunga kompyuta. Kwa Windows huna haja ya kununua wala kupakua programu yoyote, uwezo umo ndani tayari, unaitwa "Dynamic lock". Microsoft waliuweka kwenye Windows 10 toleo 1703, lililotoka Aprili 2017, na kwenye Windows 11 upo vilevile.

Majina ya menyu nayaandika kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye mashine za huku.

Kwanza, nywila

Usiruke hapa. Kompyuta isiyo na nywila ukiifunga ni sawa na kuegesha mlango bila komeo: anayekuja anabonyeza Enter, yupo ndani. Mashine nyingi za dukani hazina nywila kwa sababu fundi aliyepiga Windows aliacha hivyo, na mwenye duka akaona ni afadhali. Ingia "Settings", "Accounts", halafu "Sign-in options". Weka nywila, kisha weka na namba ya siri, ile inayoitwa PIN. Namba ya siri ina raha yake: utaiandika mara ishirini kwa siku na haitakuchosha. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa wala tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu, ambayo umeibandika ukutani kwa herufi kubwa pale penye bango la wakala.

Ukiwa hapohapo, hakikisha toleo lako. Shika kitufe cha Windows na R, andika winver, bonyeza Enter. Ukiona Windows 7, mwongozo huu haukufai. Na kwa kweli mashine hiyo isingepaswa kugusa taarifa za watu tena. Ukiona Windows 10, mambo yatakwenda, ila ujue Microsoft walisimamisha masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga kuhama.

Pili, Bluetooth kwenye kompyuta

Laptopu karibu zote zinayo. Kompyuta za mezani zilizotumika, zile tunazonunua zikiwa zimetoka maofisini Ulaya, nyingi hazina. Fungua "Settings", kwenye Windows 11 gusa "Bluetooth & devices", kwenye Windows 10 gusa "Devices". Ukikuta swichi ya Bluetooth, iwashe. Usipoiona swichi yenyewe, basi hakuna kifaa ndani, au dereva yake, yaani programu ya kukiendesha, haijawekwa.

Kama hakuna, nunua kile kidude cha USB kidogo kama ukucha. Changu nilikipata kwa shilingi elfu kumi na tano. Kichomeke mbele ya kompyuta. Nilikichomeka nyuma mwanzoni, nikakihamisha siku ileile: nyuma kuna boksi la chuma, ukuta na msitu wa nyaya, mawimbi yanafika kwenye simu yakiwa hoi hata ukiwa umekaa palepale kwenye kiti.

Tatu, chagua simu ya kuunganisha

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hata mimi nilikosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu wa wakala ana simu mbili tatu. Kuna simu ya kazi, ambayo haibanduki kaunta: iko kwenye chaji, imefungwa na kamba, laini za mitandao mitatu zinaingia na kutoka. Kuna simu yako mwenyewe, inayokaa mfukoni. Nilipoanza niliunganisha ya kazi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Nikatoka, nikazunguka mpaka Kabwe na kurudi, kompyuta imekaa wazi inanisubiri. Si kosa lake. Simu haikutoka, kwa hiyo kwa hesabu ya kompyuta hata mimi sikutoka.

Unganisha simu inayotoka na mwili wako. Na ujichunguze vizuri inakaa wapi, hasa kwa hali ya hewa yetu. Mbeya ya Juni na Julai asubuhi unafungua duka na jaketi zito, simu iko mfuko wa ndani. Kufika saa tano jua limetoka, unavua jaketi, unalitundika kwenye kiti, simu imo humohumo. Ukitoka, umeiacha ikilinda kiti. Ilinitokea mara tatu wiki moja kabla sijagundua kosa ni langu. Sasa jaketi likivuka mgongo, simu inahamia mfuko wa suruali. Kina dada wanaoweka simu kwenye mkoba chini ya meza wana shida ileile. Binti anayenisaidia dukani ameamua kuivaa shingoni kwa kamba.

Sharti lingine: kifaa kiwe kinajitambulisha kwa kompyuta kama simu. Spika, spika za masikioni na saa Windows haizihesabu kwa kazi hii isipokuwa mtu abadilishe mipangilio ya ndani.

Nne, kuviunganisha

1. Kwenye simu, ingia mipangilio ya Bluetooth, iwashe, na ubaki kwenye ukurasa huohuo. Simu nyingi huonekana kwa vifaa vingine pale tu ukurasa ule ukiwa wazi.

2. Ukiwa hapo, ibadilishe simu jina. Sokoni penye watu, orodha itakayotokea kwenye kompyuta ina simu kumi za aina moja zenye jina lilelile la kiwandani, pamoja na spika za wauza nyimbo. Yangu niliipa jina la mnyama. Usiandike jina lako kamili. Kila anayepita anaweza kulisoma.

3. Kwenye kompyuta gusa "Add device" (kwenye Windows 10 imeandikwa "Add Bluetooth or other device"), kisha "Bluetooth". Subiri jina la simu litokee, liguse.

4. Vioo vyote viwili vitaonyesha tarakimu sita. Zisome. Usibonyeze tu kukubali kama tunavyobonyeza kila kitu. Tarakimu zikifanana, kubali pande zote mbili. Zikitofautiana, umeshika simu ya jirani au jirani ameshika kompyuta yako; kataa, anza upya.

Simu itauliza kama iruhusu kompyuta kuona majina na kumbukumbu za simu zilizopigwa. Kataa. Kufunga hakuhitaji hayo, na kompyuta ya dukani haina haja ya kumjua shemeji yako.

Ukimaliza, kompyuta inaweza kuandika "Paired" badala ya "Connected". Usihangaike. Inatosha.

Tano, washa ufungaji

Rudi "Settings", "Accounts", "Sign-in options". Shuka mpaka uone "Dynamic lock". Kwenye Windows 11 iko chini ya "Additional settings". Kuna kiboksi kimoja kinachosema Windows iruhusiwe kufunga kifaa chako ukiwa mbali. Kitie alama ya vema. Subiri kidogo, chini yake jina la simu yako linatakiwa kutokea. Lisipotokea, fungua "Windows Security", ingia "Account protection", utaona malalamiko yake yameandikwa: ama Bluetooth imezimwa, ama hakuna simu iliyounganishwa.

Sita, pima kwa miguu

Usiamini mpaka umeona. Mwache mtu unayemwamini amekaa mbele ya kompyuta na saa mkononi, mikono mbali na kibodi. Wewe toka na simu.

Kinachotokea ni hiki. Kompyuta inasikiliza nguvu ya mawimbi ya simu yako. Yakidhoofika kupita kiwango, inasubiri kidogo kuona kama utarudi, kisha inafunga. Microsoft wenyewe wanasema ni kama dakika moja tangu utoke kwenye eneo. Kwangu huchukua kati ya nusu dakika na dakika moja na nusu, ikitegemea nimekwenda upande gani.

Upande una maana kuliko mita. Bluetooth ya simu hupewa kama mita kumi kwenye uwazi, lakini hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na hayo hunyonywa na maji. Mwili wa binadamu umejaa maji. Nikitoka mbele kuelekea barabarani, simu mfuko wa mbele na mgongo umeelekea dukani, kompyuta inafunga nikiwa hatua kumi na mbili hivi. Nikitoka kwa mlango wa nyuma, hatua sita zinatosha, kwa sababu kuna ukuta wa tofali za kuchoma na mafurushi ya karatasi nimeyapanga mpaka darini. Lakini nikisimama kwa jirani wa fremu ya kulia, tuliyegawana naye ubao mwembamba tu, haifungi kabisa, hata nikae nusu saa napiga soga. Ndiyo maana nakwambia pima kila mahali unapokwendaga: kwa mama ndizi, chooni, kwa jirani, kwenye bajaji zinapoegeshwa. Chora kichwani ramani ya mahali ambapo inafunga na ambapo haifungi. Pale isipofunga, kitufe cha Windows na L hakiepukiki.

Windows ya nyumbani, yaani toleo la Home, haikupi mahali pa kurekebisha umbali. Toleo la Pro lina sera ya ndani ambamo kuna kipimo cha nguvu ya mawimbi, nacho kimewekwa -10 tangu mwanzo. Mimi sijakigusa. Rafiki yangu Iringa, mwenye duka lake Miyomboni, alikichezea ili kifunge haraka zaidi. Ikawa kompyuta inajifunga akiinama kuokota karatasi.

Mambo ambayo wateja na wasaidizi wataulizia

Kufunga si kuzima. Printa inaendelea kutoa kurasa zake arobaini, faili linaendelea kushuka, antivairasi inaendelea kupekua. Msaidizi wangu siku za mwanzo aliona kioo kimefunga katikati ya kuprinti akachomoa umeme kwa hofu. Mweleze mapema.

Ukirudi, kompyuta haitajifungua. Utaandika namba ya siri. Wengine hulalamika hapo, wanataka simu iwe pia ufunguo. Mimi nasema afadhali ilivyo. Mawimbi ya Bluetooth yanaweza kudakwa na kurushwa mbali kwa vifaa viwili, kimoja karibu na simu na kingine karibu na kompyuta, na kompyuta ikadhani umesimama mbele yake. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya NCC Group walionyesha hila hiyo kwa kufungua gari la Tesla ambalo ufunguo wake ni simu. Anayetumia hila hiyo kwenye kompyuta yako atafanikiwa kuizuia isifunge, basi, hawezi kuifungua. Na kwa alama ya kidole, kama laptopu inayo, kuingia ni kugusa tu.

Kama wateja wanakaa wenyewe kuandika barua au kujaza fomu za vyuo, watengenezee akaunti yao, isiyo na mamlaka ya msimamizi, tofauti na yako. Ufungaji wa simu uwe kwenye akaunti yako yenye mafaili ya watu.

Na dakika ile moja ya kusubiri bado ni dakika. Mwenye haja ya kujua mshahara wa mwalimu hahitaji zaidi ya sekunde kumi. Kwa hiyo nimefanya na jambo la kifundi kuliko yote: nimekigeuza kioo, kinaangalia ukuta badala ya benchi. Simu ni ya kunisaidia nikisahau. Haijaniondolea kazi ya kukumbuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na sijaona mahali inaposamehe kwa sababu ya chenji.

Kuna kinga nyingine ya kuweka nyuma ya hii, kwa siku ambazo simu imezima chaji au umeisahau kwenye jaketi. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika "screen saver", fungua mipangilio yake, weka dakika tatu, na utie alama ya vema penye maneno "On resume, display logon screen". Kompyuta ikikaa dakika tatu bila kuguswa itafunga, simu iwepo isiwepo.

Simu zenye mpango mkali wa kuokoa chaji zinaweza kukatiza Bluetooth, na kompyuta ikajifunga wewe umekaa. Ikitokea mara kwa mara, zima mpango huo kabla hujailaumu Windows.

Wenye Linux na Mac

Wa Mac nitawapitia haraka: hakuna kitu cha kujengewa cha kufunga kwa simu. Bonyeza Control, Command na Q pamoja kila unapoinuka, inafunga.

Wa Linux, hasa Ubuntu, mnaweza kujitengenezea. Unganisha simu kwa njia ya kawaida kwenye mipangilio, kisha kwenye teminali andika bluetoothctl devices upate anwani yake, ile yenye jozi sita zilizotenganishwa na nukta mbili. Andika faili hili, uliite funga.sh, ukiweka anwani ya simu yako badala ya hii:

```
#!/bin/bash
SIMU="AA:BB:CC:DD:EE:FF"
KOSA=0
while true; do
  if l2ping -c 1 -t 3 "$SIMU" >/dev/null 2>&1; then
    KOSA=0
  else
    KOSA=$((KOSA+1))
  fi
  if [ "$KOSA" -eq 3 ]; then
    loginctl lock-sessions
  fi
  sleep 5
done
```

Liendeshe kwa sudo bash funga.sh, kwa kuwa l2ping inataka mamlaka ya msimamizi. Kila baada ya sekunde tano linaiita simu. Simu isipoitika mara tatu mfululizo, linafunga. Ile mara tatu usiipunguze. Simu huchelewa kuitika hata ikiwa mezani, na kwa mara moja tu utakuwa unafungiwa nje kila saa. Tofauti na Windows, hili halipimi nguvu ya mawimbi, linauliza tu "upo?", kwa hiyo utafika mbali kidogo zaidi kabla halijafunga.

Ukibadili simu

Simu ikiibiwa, ikiharibika au ukiiuza, rudi kwenye orodha ya Bluetooth ya kompyuta, gusa vile vidoti vitatu pembeni ya jina la simu ya zamani (kwenye Windows 10 gusa jina lenyewe), chagua "Remove device", thibitisha. Kwenye Linux andika bluetoothctl remove na anwani yake. Kama simu bado iko mikononi mwako, ifutie nayo jina la kompyuta kabla hujaikabidhi kwa mnunuzi. Niliwahi kumuuzia simu yangu jirani wa ubao mwembamba bila kuifuta, na kwa siku nne kompyuta haikujifunga hata mara moja, maana simu ilikuwa inashinda hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Unganisha mpya kuanzia hatua ya tatu, na upime tena kwa miguu. Simu mpya ina mawimbi yake.